Akiba, Amana na Wakfu: Tafakuri juu ya Rafu ya Saa Mbili

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu mwandishi, na mengi zaidi kuhusu matini. Mjadala wa vina na mizani, uliopamba moto katika miaka ya 1970 baada ya kina Kezilahabi kuchapisha mashairi yasiyofuata arudhi, bado unafundishwa katika idara zetu. Nadharia za uhakiki nazo zimepata vitabu vyake: Njogu na Chimerah walitoa Ufundishaji wa Fasihi mwaka 1999, Wamitila akatoa Uhakiki wa Fasihi mwaka 2002, kisha Wafula na Njogu wakatoa Nadharia za Uhakiki wa Fasihi mwaka 2007. Jambo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha ni njia ambayo matini hupitia hadi kumfikia mwanafunzi anayetakiwa kuihakiki. Kichwamaji haifundishiki kwa sababu tu iliwahi kuandikwa. Inafundishika kwa kuwa pana nakala mahali fulani ambayo mwanafunzi, akiwa na kitambulisho chake cha chuo, anaweza kuishika mkononi. Katika vyuo vyetu vya Kenya mahali hapo, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, ni rafu moja iliyo nyuma ya kaunta ya maktaba.

Ninazungumzia sehemu ambayo wakutubi huiita akiba ya kozi. Utaratibu wake unajulikana. Mhadhiri huandika orodha ya vitabu kabla ya semesta kuanza. Mkutubi huviondoa vitabu hivyo katika rafu za kawaida na kuviweka nyuma ya kaunta. Mwanafunzi huacha kitambulisho, hujaza karatasi, hupewa kitabu kwa saa mbili, nacho hakiruhusiwi kutoka nje ya jengo. Jioni, maktaba inapokaribia kufungwa, kitabu huweza kuchukuliwa kulala nacho, kwa sharti kwamba kirudi asubuhi kaunta inapofunguliwa. Faini huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Mtindo huu ulipata umbo katika vyuo vya Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19, Harvard kikiwa miongoni mwa vile vya mwanzo, nao ukafika kwetu pamoja na vyuo vyenyewe. Sababu yake ni hesabu nyepesi: nakala ni chache, wasomaji ni wengi. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, madarasa yalikuwa yamefurika wanafunzi wa kujilipia karo, mpango ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kiliuanzisha mwaka 1998 na vyuo vingine vikaufuata. Watu waliongezeka. Rafu niliyoikuta mimi ilibaki na upana ule ule.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa, maana sisi watu wa lugha tuna tabia ya kuanzia hapo. Akiba ni kitu kilichowekwa kando kwa ajili ya kesho. Waliosema kwamba akiba haiozi walikuwa wakifikiria nafaka na fedha. Hawakupata kuiona Kinjeketile baada ya semesta kumi nyuma ya kaunta, jalada limeshikizwa kwa utepe na kurasa za kati zimelegea kama meno ya mzee. Akiba ya maktaba huoza, tena huoza kwa sababu ya kutumiwa. Kitabu ambacho hakiombwi na mtu ndicho kinachobaki kizima.

Wanafunzi wangu wengi husema wamekopa kitabu, nami huwasahihisha kila mara, ingawa najua nikiwapa kisogo watarudia. Anayekopa hurudisha thamani. Anayeazima hurudisha kitu kile kile. Ukikopa shilingi mia, hakuna anayekutarajia uilete noti ile ile uliyopewa. Ukiazima jembe la jirani, jirani anataka jembe lake, lenye mpini ule ule aliouchonga mwenyewe. Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mwanafunzi anapopoteza kitabu cha akiba, chuo humtoza bei yake, kana kwamba alikopa. Bei hiyo, kwa kitabu ambacho hakichapishwi tena, hainunui chochote.

Ukitazama kwa makini, katika rafu hiyo moja hukaa vitabu vya hali tatu ambazo Kiswahili kinazipambanua vizuri kuliko daftari la maktaba linavyozipambanua. Kuna kitabu cha maktaba yenyewe kilichosogezwa tu kutoka rafu ya kawaida: hiyo ndiyo akiba. Kuna kitabu cha mhadhiri, chenye jina lake katika ukurasa wa kwanza, alichokikabidhi kwa muda wa semesta ili darasa lake likisome: hiyo ni amana, maana mwenyewe anaweza kuidai siku yoyote, na aliyekabidhiwa hana haki juu yake ila kuitunza. Tena kuna kitabu kilichotolewa moja kwa moja, kisiuzwe, kisirithiwe, kisirudishwe nyumbani kwa mwenyewe hata akihama chuo. Hicho hatuna neno lake rasmi katika fomu zetu isipokuwa zawadi. Lakini neno tunalo, na ni la kale: wakfu.

Pwani ina la kutufundisha hapa. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambao jina lake haliachani na la Habib Swaleh, imehifadhiwa hazina ya miswada ya Kiarabu iliyokwisha kupigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Katika baadhi ya miswada hiyo mna maneno ya wakfu: mwenye kitabu anatangaza kwamba amekitoa kwa ajili ya watafutao elimu. Nimeyatafakari sana maneno hayo. Sikuwahi kufikiri kwamba akiba ya kozi ilikuwa na babu yake huku kwetu. Nilidhani, kama tunavyodhani juu ya mambo mengi ya chuo kikuu, kwamba tulikipokea kitu hiki kizima kizima kutoka ng'ambo. Na tusisahau kwamba katika Kiswahili cha zamani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, kabla halijabakia na maana ya mahali pa kukisomea. Mwanachuoni alikuwa mtu wa vitabu. Chuo kikuu, kwa mantiki ya neno, ni kitabu kikubwa. Basi si ajabu kwamba pasipokuwa na kitabu hapawi na chuo, hata majengo yakiwa ya ghorofa ngapi.

Sasa nije kwenye jambo la saa, ambalo nadharia haliwezi kulifikia bila kupanda matatu.

Mimi naishi Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, upande wa barabara iendayo Garissa. Mgeni anayeijua Kiambu kwa majani chai ya Limuru hushangaa akifika kwetu, maana huku ni nchi kavu, yenye machimbo ya mawe ya kujengea na mahindi yanayobahatisha mvua. Baadhi ya wanafunzi wangu wanapanga vyumba huku kwa sababu kodi ni nafuu. Mwanafunzi wa namna hiyo akimaliza mhadhara wa saa kumi na moja jioni, ana mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kupanga foleni kwenye kaunta ya akiba, apate kitabu, akisome kwa saa mbili, halafu atoke gizani kutafuta gari la Thika na baadaye gari la pili la kumfikisha nyumbani. Au anaweza kwenda zake mapema. Ruhusa ya kulala na kitabu haimfai kitu, kwa sababu inaanza saa ambayo yeye anapaswa kuwa amekwisha kuondoka, na inakwisha saa ambayo yeye bado yuko barabarani kurudi. Nilimwomba mkutubi mmoja aniruhusu nitazame karatasi za vitabu vilivyolala nje katika semesta moja. Alinitolea bunda zima lililofungwa kwa mpira. Majina yaliyojirudia karatasi baada ya karatasi yalikuwa ya wanafunzi ninaowajua kuwa wakazi wa mabweni. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Kanuni iliandikwa na watu waliomfikiria mwanafunzi kama mtu anayelala mahali anaposomea.

Nikiwa nyumbani, siku ya anga safi, nauona mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji huuita Kilimambogo. Mlimani huko amezikwa Sir William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, ambaye jina lake limo juu ya mlango wa maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Hadi mwaka 1958 maktaba hiyo haikuwa ya Waafrika. Naandika hili kama kando ya hoja, wala sisemi kwamba kanuni ya saa mbili ni sawa na ubaguzi wa rangi. Kusema hivyo kungekuwa kuwadhihaki waliobaguliwa. Nasema tu kwamba swali la nani ashike kitabu, na kwa muda gani, ni swali la zamani katika nchi hii, na ambaye hajawahi kuzuiwa mlangoni hulisahau upesi.

Kitabu kilichonifanya niyafikirie haya yote ni Tungo Zetu cha Ibrahim Noor Shariff, kilichochapishwa mwaka 1988 na Red Sea Press huko Trenton, New Jersey. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa thamani yake. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kuuchukua ushairi wa Waswahili kwa ukamilifu wake, pamoja na bahari zake nyingi, badala ya kuupunguza uwe shairi la mishororo minne na utenzi. Na hoja yake kwamba kuna tungo za kale za Waswahili zisizofuata vina ilikuwa ni kuwamwagia maji wengi waliodai kwamba ushairi bila vina ni uzushi wa vijana wa Dar es Salaam. Nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba Nairobi nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili. Niliinunua kwa pesa ya chakula, wala sikujuta. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiikabidhi kwa kaunta ya akiba kila nifundishapo kozi ya ushairi, na kuichukua semesta ikiisha. Imekuwa amana.

Semesta moja niliketi katika gari la Thika karibu na mwanafunzi wangu ambaye pia anakaa pande zetu. Alikuwa na daftari kubwa la kurasa nyingi magotini, naye alipoona nalitazama aliniambia, kwa haya kidogo, "Daktari, nimefika kwenye ukawafi." Sikumwelewa mpaka aliponifungulia. Alikuwa ananakili Tungo Zetu kwa mkono. Kila siku aliyobahatika kukipata kitabu alitumia saa zake mbili si kusoma bali kuandika, na usomaji wenyewe aliufanya usiku chumbani, kutoka katika daftari. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu asiye na haraka, jambo la kustaajabisha kwa mtu aliyekuwa akishindana na saa ya ukutani.

Kulikuwa na jambo jingine. Pembezoni mwa nakala yangu nimeandika kwa penseli, tangu nikiwa mwanafunzi, maelezo, maswali, na mara chache ubishi. Yeye aliyanakili yote. Aliyaingiza ndani ya aya, mahali yalipoelekea kufaa, na baadaye katika insha yake ya muhula alinukuu maoni mawili ya Shariff ambayo Shariff hakuyaandika; niliyaandika mimi, tena moja nililiandika nikiwa nampinga Shariff. Nilicheka peke yangu nilipokuwa nikisahihisha, kisha nikanyamaza. Mbele yangu palikuwa na jambo ambalo nimelifundisha kwa miaka bila kuliona likitendeka. Tunawaambia wanafunzi kwamba miswada ya Al-Inkishafi haikubaliani juu ya idadi ya beti, kwamba mnakili wa zamani hakuwa mashine, kwamba sherehe ya pembezoni huweza kuhamia katikati ya matini na kukaa humo hadi mhariri wa baadaye aje aitilie shaka. Mwanafunzi huyu alikuwa amefanya kazi ya mnakili wa Pate au Lamu, na sababu yake ilikuwa ile ile: nakala ni moja na inabidi irudi kwa mwenyewe.

Nisieleweke kwamba naisifia hali hiyo. Kuna namna ya kusimulia kisa kama hiki ili ufukara uonekane kuwa adabu ya kisomi, nami siipendi. Mwanafunzi huyo alijua ushairi kuliko wenzake wote wa darasa, na huenda kunakili kulimfaa. Lakini hakunakili kwa kuwa alichagua mbinu ya kujifunzia. Alinakili kwa kuwa gari la mwisho halingojei mtu.

Kwa nini basi hakwenda kibandani kupiga fotokopi? Wenzake wengi hufanya hivyo, kitabu kizima, kutoka jalada hadi jalada, katika vibanda vilivyo nje ya lango. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya mtu binafsi na uhakiki. Kitabu kizima kwa darasa zima ni jambo jingine, na shirika la KOPIKEN lipo kwa ajili ya kutoa leseni za unakili wa namna hiyo. Muda wa ulinzi ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alitoka katika ulinzi huo mwaka 2012 ulipokwisha, na sioni kwa nini idara zetu zisiwe zimekwisha kuwatayarishia wanafunzi nakala za vitabu vyake vyote. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Rosa Mistika na Nagona zitabaki chini ya ulinzi hadi mwaka 2070, wakati ambapo mimi na wanafunzi wangu wa leo hatutakuwa na haja ya rafu. Ulinzi huo ni haki ya warithi, nami sina ubishi nao. Tatizo liko kwa kitabu kinacholindwa na sheria lakini hakiuzwi na mtu: huwezi kukinunua, na huwezi kukinakili. Hali hii kwetu si ya kupita. Shirika la East African Literature Bureau, ambalo katika mwaka 1954 chapa yake ya Eagle Press ilitoa Sheria za Kutunga Mashairi cha Amri Abedi, lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na tangu hapo vitabu vingi vya kizazi kile vimekuwa mayatima. Mwenye kibanda cha fotokopi hajui habari hizi. Kumlaumu yeye ni kuanzia mwisho wa mnyororo.

Mwanafunzi wangu, kwa jibu lake mwenyewe, hakupiga fotokopi kwa kuwa hakuwa na pesa ya kurasa zote hizo. Ndiyo sababu, wala si sheria.

Jambo ambalo akiba ya kozi imenifundisha kuhusu taaluma yetu ni zito zaidi ya hayo. Orodha ninayompelekea mkutubi kabla ya semesta ndiyo uhakiki wangu wenye nguvu kuliko wowote. Makala zangu husomwa na watu wachache wa fani. Orodha husomwa na darasa zima, kwa lazima. Nilipoanza kufundisha nilirithi orodha ya kozi ya utangulizi kutoka kwa aliyenitangulia, naye aliirithi. Humo sauti ya mwanamke ilikuwa moja tu, ya Mwana Kupona, na utendi wake ni wa mwaka 1858. Niliongeza Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi, Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani na Tumaini ya Clara Momanyi. Orodha ilinirudia ikiwa na alama ya kalamu nyekundu kando ya majina mawili kati ya hayo: hakipo. Mkutubi hakuwa na kosa. Hawezi kuweka nyuma ya kaunta kitabu ambacho maktaba haina. Nilifuatilia jinsi vitabu vya fasihi ya Kiswahili vilivyoingia katika maktaba ile, nikagundua kwa kusoma mihuri na maandishi ya kurasa za mwanzo kwamba vingi katika vile vinavyofundishwa viliachwa na walimu waliostaafu au waliohamia vyuo vingine. Orodha ilifuata rafu, na rafu ilifuata ukarimu wa watu fulani, pamoja na mapendeleo yao. Tumeandika kurasa nyingi kueleza kwa nini kazi fulani ni kuu na nyingine si kuu. Wakati mwingine ukuu wa kazi ni kwamba nakala zake nne hazijaibwa.

Mama Ee na Mwisho wa Kosa niliziweka mwenyewe, kutoka nyumbani. Darasa la mwaka ule liliisoma tamthilia ya Mwachofi kwa zamu, watu wanane kwa nakala moja, na mjadala wake ulikuwa mkali kiasi kwamba wavulana wawili walibaki nyuma baada ya kipindi kunieleza kwamba mwandishi amewaonea wanaume. Hawakuwahi kuwa na la kuniambia juu ya Mwana Kupona.

Mwaka jana, katika kikao cha chuo ambacho sina haja ya kukitaja, lilitolewa pendekezo kwamba kaunta ya akiba ifungwe na vitabu vyake vyote vigeuzwe faili za kusomwa kwa simu na kompyuta. Hoja zilizotolewa hazikuwa za kijinga. Nafasi ni finyu, vitabu vinachakaa, na faili haina foleni. Kwa mkazi wa Gatuanyaga faili ina fadhila moja kubwa: inafunguka saa nne za usiku. Nilikubali hilo kikaoni na nalikubali hapa. Mwanafunzi wangu mwenye daftari asingehitaji daftari.

Hata hivyo, nilipouliza faili zenyewe zitatoka wapi, nilijibiwa kwamba chuo kinalipia hazina nyingi za majarida na vitabu vya kielektroniki. Ni kweli. Humo utapata makala za Kiingereza kuhusu Sauti ya Dhiki. Diwani yenyewe sikuipata nilipoitafuta. Mwanafunzi atasoma jinsi Abdilatif Abdalla alivyoyaandika mashairi yake kifungoni, kati ya mwaka 1969 na 1972, juu ya karatasi za chooni. Atasoma kwamba diwani ilitoka mwaka 1973 na kupewa tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Shairi lenyewe atalikuta kama vipande vilivyotafsiriwa. Gereza la Kamiti liko katika kaunti hii yetu. Ni kinaya kisichohitaji maelezo kwamba maneno yaliyotoroshwa gerezani yashindwe kuingia maktabani. Kama tutafunga kaunta kabla ya kutafuta idhini ya wachapishaji kwa kitabu kimoja kimoja, tutakuwa tumewapa wanafunzi wahakiki na kuwanyima waandishi. Nilisema hivyo, pengine kwa sauti ya juu kuliko ilivyopasa, na pendekezo likaahirishwa.

Kilichokubaliwa mwishoni ni kidogo, nacho kilitoka kwa mkutubi mwenyewe, mama mwenye miaka mingi katika kaunta hiyo, ambaye hakuwa amealikwa kusema. "Mwalimu," aliniambia mimi ingawa maneno yalikuwa ya meza nzima, "tatizo si kaunta. Tatizo ni saa tatu asubuhi." Alipendekeza kwamba wanafunzi wanaokaa mbali waandikishwe, waruhusiwe kuchukua kitabu kuanzia saa tisa alasiri, wakirudishe kesho yake kabla ya saa sita, na kwamba kila Ijumaa vitabu vinavyopatikana kwa nakala zaidi ya moja viende nyumbani hadi Jumatatu. Jambo hilo linajaribiwa kwa semesta moja. Faini ya saa itabaki, maana bila faini, alisema, hata yeye asingerudisha.

Nilibaki na Tungo Zetu. Sheria mpya ya Ijumaa haikihusu, kwa kuwa nakala ni moja, na kwa kuwa vitabu vya amana havilali nje bila ruhusa ya mwenyewe. Nimekitoa wakfu. Si uamuzi niliouona mwepesi. Kitabu hicho nilisoma nacho, nikafundisha nacho, na tasnifu yangu ya uzamifu ilianza kama swali la penseli katika mojawapo ya pembe zake. Nikihamia chuo kingine, sitakwenda nacho. Fomu ya maktaba ilikuwa na visanduku viwili, zawadi na nakala ya mhadhiri, nami nikaandika neno langu juu ya mstari na mkutubi akaweka alama kwenye zawadi. Masharti niliyoomba yalikuwa mawili: kisiondolewe katika akiba maadamu kozi ya ushairi inafundishwa, na mkazi wa mbali aruhusiwe kulala nacho.

Sharti lao lilikuwa moja. Kanuni ya maktaba inataka kitabu kinachopokelewa kiwe safi, kwa hiyo maandishi ya penseli yafutwe. Tulijadiliana kwa muda mrefu. Hatimaye ilikubaliwa kwamba yabaki, ila kila penye maelezo niweke herufi za jina langu na mwaka ninaokumbuka kuyaandika, ili asitokee tena mwanafunzi wa kumtwika Shariff maneno yangu. Kazi hiyo naifanya jioni, nyumbani, kwa kifutio na penseli iliyochongwa vizuri. Yako maelezo ambayo nikiyasoma leo siyakubali, nayo nimeyapa mwaka wake tu. Nimekwisha kumaliza sura tatu.